Mama Mwenye Ulimi wa Kweli na Mkono wa Huruma

Masomo: Mambo ya Walawi 19:32, Yohana 19:25–27



Sisi tukaao Igogo, kwenye miamba ya mwambao wa ziwa hapa Mwanza, twajua jinsi nyumba zetu zinavyoshikwa na wanawake wazee. Katika nyumba nyingi zilizojengwa kati ya mawe ya mlima, wa kwanza kuamka ni bibi. Yeye huwasha moto, huwahesabu watoto, huuliza ni nani aliyechelewa kurudi usiku. Naye husema. Husema juu ya mwana anywaye pombe na kusahau ada ya shule. Husema juu ya mkwe aliye mvivu. Husema hata juu ya mzee wa kanisa apendaye kiti cha mbele. Watu hunung'unika wakisema, "Bibi huyu ana maneno mengi." Lakini siku ya kumzika, wale wale walionung'unika husimama kaburini na kulia kwamba nguzo ya nyumba imeanguka.

Basi mwezi huu twataka kuuliza neno moja: Mbona heshima yetu kwa mama mzee hungoja mpaka kinywa chake kimefungwa?

Katika kitabu cha Walawi, Mungu aliwaagiza watu wake kwa mkono wa Musa wasimame mbele ya mwenye mvi, wamheshimu mzee, na kumcha Mungu wao. Angalieni, mambo hayo yamefungwa pamoja katika agizo moja. Asiyesimama mbele ya mzee, na asijisifu kwamba amcha Mungu. Wala agizo halisemi kwamba tumheshimu mzee aliye kimya tu, au mzee atusifuye. Lasema mwenye mvi, basi. Mwenye mvi atukemeaye yumo.

Ili tufahamu vema neno hili, twawaletea habari za mama mmoja wa ng'ambo ya ziwa letu. Maji yapigayo mawe ya Igogo ndiyo yapigayo pwani ya Kisumu, na habari zake hazikuwa mbali nasi.

Mama huyo ni Sarah Onyango Obama, ambaye wengi walimwita Mama Sarah. Kwa hesabu iliyoandikwa alizaliwa mwaka 1922, katika nchi ya Wajaluo, kwenye pwani ya ziwa hili upande wa Kenya. Alifariki tarehe 29 Machi 2021 katika hospitali ya Kisumu, akiwa na umri wa miaka 99, akazikwa kesho yake nyumbani Kogelo, katika Siaya. Jina lake lilienea duniani kwa sababu mjukuu wake, Barack Obama, alichaguliwa kuwa Rais wa Marekani mwaka 2008. Lakini sisi hatumkumbuki kwa sababu ya ukuu wa mjukuu. Twaitazama zaidi ile miaka mingi iliyotangulia, wakati ambapo hakuna mgeni wa mbali aliyeijua njia ya kwenda mlangoni kwake.

Mama huyo hakupelekwa shule. Aliolewa angali kijana na Hussein Onyango Obama, mwanamume aliyempita sana kwa umri, akawa mke wake wa tatu. Katika nyumba ile alikuta watoto wa mke mwingine, jina lake Akumu, ambaye alikuwa ameondoka kwa mumewe. Mmoja wa watoto hao alikuwa mvulana aitwaye Barack. Nasi twajua maneno ya watu juu ya mama wa kambo. Husemwa kwamba hawezi kuwa mama, kwamba kijiko chake huwa kidogo kwa mtoto asiye wake. Mama Sarah aliyashinda maneno hayo kwa matendo. Alimlea yule mvulana kama mwana wa tumbo lake mwenyewe.

Katika uzee wake alisimulia kwamba alikuwa akimpakia mtoto yule nyuma ya baisikeli na kumpeleka shuleni Ngiya, mwendo wa maili 6 hivi kutoka Kogelo, siku kwa siku. Akaeleza na sababu yake. Barua zilipomfikia, hakuweza kuzisoma. Naye hakutaka watoto wa nyumba yake wawe hivyo. Fikirini, ndugu: mwanamke asiyejua herufi hata moja, akikanyaga baisikeli katika vumbi na matope, ili mtoto wa mwanamke mwingine apate kujua herufi! Mtoto yule aliendelea katika masomo yake hata akasafiri kwenda Marekani mwaka 1959. Huko ndiko alikozaliwa yule mjukuu aliyekuja kuwa Rais.

Mvulana yule aliyelelewa naye alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1982, na mzee Onyango alikuwa amekwisha kufa mwaka 1979. Mama Sarah alibaki. Alilima, alifuga mbuzi na kuku, na mazao yaliyozidi aliyapeleka sokoni. Watoto na wajukuu walipopatwa na shida, walirudi kwake. Tena hakuishia kwa wa damu yake. Kwa miaka mingi aliwapokea yatima, wengine akawalea katika nyumba yake. Baadaye ukaanzishwa mfuko wenye jina lake, kwa ajili ya chakula, sare, vifaa vya shule na ada za watoto waliofiwa na wazazi. Mwaka 2014 aliitwa New York, kwenye Umoja wa Mataifa, akapewa heshima kwa kazi yake ya kuwapatia watoto elimu.

Hayo ndiyo ya mkono wake. Je, ulimi wake ulikuwaje?

Mjukuu wake alipofika Kogelo mara ya kwanza, mwaka 1988, alikuja kutafuta habari za baba ambaye hakumfahamu. Mama Sarah alikuwa na Kijaluo tu, hivyo maneno yake yalifasiriwa. Mjukuu aliyaandika katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1995. Humo twaona kwamba bibi hakumpamba marehemu mumewe. Alieleza bidii yake na usafi wake, akaeleza pia ukali wake. Akaeleza jinsi Akumu alivyokimbia, na jinsi watoto walivyoteseka kwa ajili ya hayo. Angeweza kumfurahisha mgeni kwa habari tamu za babu hodari, lakini alimpa kweli yote. Kijana yule alikaa baadaye kati ya makaburi ya baba yake na babu yake, akalia, akaondoka akiwa ameijua asili yake.

Tena mwaka 2008, watu wa mbali walipoeneza uvumi juu ya dini ya mjukuu wake, bibi aliwajibu waandishi wa habari pasipo kuzunguka. Yeye mwenyewe alikuwa Mwislamu thabiti, wala hakulificha neno hilo. Lakini alikanusha kwamba mjukuu wake ni wa dini hiyo. Hakuitia imani yake kinywani mwa mtu mwingine, wala hakuikana ili kumsaidia jamaa yake apate cheo. Tena cheo kilipopatikana, na wageni wakaja kutoka pande zote za dunia, yeye aliendelea kukaa Kogelo pamoja na kuku wake.

Labda ndugu mmoja atauliza, "Mbona jarida la Kikristo latuletea mfano wa mama Mwislamu?" Swali hili ni la haki, nasi twalijibu kwa mwenendo wa Bwana mwenyewe. Yule mwalimu wa sheria alipouliza jirani yake ni nani, Bwana Yesu alimwonyesha Msamaria, mtu wa ibada nyingine, akamwambia aende akatende vivyo hivyo. Na huko Nazareti aliwakumbusha wenyeji habari za mjane wa Sarepta, mwanamke wa nchi ya kigeni aliyemlisha Eliya kwa unga wake wa mwisho. Nao walikasirika sana. Sisi na tusikasirike. Hatuhukumu roho ya mtu, maana hukumu ni ya Mungu. Wala hatusemi kwamba matendo humwokoa mtu. Hakuna ahesabiwaye haki kwa matendo yake, wala yule mama, wala sisi tulioketi kanisani tangu utoto. Lakini mtu wa nje akitimiza upendo kwa mtoto wa kambo, na sisi tuliobatizwa tukiwafukuza watoto wa kambo mezani, basi mfano wake watushtaki, na yafaa tusikilize.

Sasa twapenda kutoa mafundisho matatu.

La kwanza, ulimi wa kweli na mkono wa huruma ni ndugu wa tumbo moja. Wengi hudhani kwamba mtu mwema ni yule asiyesema neno la kuudhi. Sivyo. Mama anayeona mwanawe apotea njia naye anyamaza, hakumpenda. Amejipenda mwenyewe, maana ameogopa kuchukiwa. Wahenga walijua gharama ya jambo hili waliposema kwamba msema kweli hukimbiwa na rafiki zake. Lakini ulimi peke yake haufai. Mtume Paulo awaambia Wakorintho kwamba asiye na upendo, hata akisema kwa lugha za malaika, ni kama shaba iliayo tu. Mama Sarah angekemea watoto waende shule, naye asiinue mguu wake, maneno yake yangekuwa shaba. Angewapakia kwenye baisikeli, lakini asiwaambie kweli, wangefika shuleni wakiwa wapumbavu. Alifanya yote mawili, kwa hiyo watoto walilikubali neno lake.

Na katika Maandiko twaona wanawake wengi wa namna hiyo. Debora aliitwa mama katika Israeli, naye ndiye aliyemwambia Baraka aende vitani alipositasita. Yule mwanamke Mkanaani alibishana na Bwana kwa ajili ya binti yake, na Bwana hakumkemea kwa maneno yake mengi, bali aliisifu imani yake. Mariamu, pale arusini Kana, aliona aibu inayowajia wenye nyumba, akamwambia Mwanawe waziwazi kwamba divai imekwisha. Na imani ya Timotheo ilianza kwa nani? Paulo amtaja Loisi, bibi yake, na Eunike, mama yake. Kanisa lenye mabibi wasemao kweli lina shule kabla ya kujenga shule.

La pili, mama mzee asemaye analindwa na amri za Mungu. Katika Katekisimo Ndogo ambayo Martin Luther aliiandika mwaka 1529, na ambayo watoto wetu hujifunza kabla ya kipaimara, twafundishwa kwamba amri ya nne yatuagiza kuwatumikia wazazi na kuwapenda, wala si kujizuia kuwadharau tu. Twafundishwa kwamba amri ya tano yakataza kuua, nayo yatutaka tumsaidie jirani katika hatari ya mwili wake. Na amri ya nane yakataza uongo juu ya jirani, nayo yatutaka tumtetee na kumnena vema.

Ndugu, tusijifiche. Katika nchi hii ya Usukuma tunamokaa, wanawake wazee wameuawa kwa mapanga, wakiitwa wachawi. Serikali ilipohesabu mauaji ya namna hiyo katika Tanzania Bara, tangu mwaka 1970 hata 1984, waliouawa walipita 3,000. Walio wengi walikuwa wanawake, na sehemu kubwa ya damu hiyo ilimwagika huku kwetu Usukuma. Wala baada ya mwaka 1984 uovu huo haukukoma.

Tukiuliza walichaguliwaje, twaona aibu kujibu. Wengine walishtakiwa kwa ajili ya macho mekundu. Ni nani kati yetu asiyejua macho mekundu hutoka wapi? Mwanamke aliyepika miaka 50 kwa kuni mbichi na samadi iliyokauka, katika jiko lisilo na dirisha, moshi umemla macho yake ili sisi tushibe. Wengine walikuwa wajane wenye shamba, na mtu fulani akalitamani shamba lile. Na wengine, ndugu, walikuwa wanawake wa kusema. Bibi amemkemea kijana wa jirani leo. Juma lijalo mtoto wa nyumba ile ashikwa na homa ya malaria na kufa. Nao watu huyakumbuka maneno ya bibi, na kusahau mbu.

Ni mwanamke yule yule! Mvi ni zile zile, ulimi ni ule ule, na moshi ni ule ule. Kule Kogelo aliishi miaka 99, akazikwa kwa heshima. Kwingine angeweza kukatwa panga kabla hajafika miaka 70. Kilichowatenganisha ni mioyo ya watu waliowazunguka. Kwa hiyo kila neno tunenalo nyumbani juu ya mama mzee ni mbegu. Tukisema, "Bibi huyu atukemea kwa kuwa atupenda," tumepanda uhai. Tukisema, "Bibi huyu ana jambo lake," tumepanda mauti, hata kama mikono yetu haikushika panga. Sheria ya nchi tangu mwaka 1928 yamkataza mtu kumtaja mwenzake kuwa mchawi. Lakini Mkristo hangoji askari amfundishe. Amri ya nane yatosha.

La tatu ni juu ya wajibu wetu, maana fundisho lisilofika mlangoni ni upepo. Ninyi wainjilisti, mpitapo nyumba kwa nyumba, ulizeni kwanza bibi yu wapi, nanyi mkamsalimu yeye kabla ya wengine. Ketini chini msikilize. Akiwakemea, pokeeni. Bibi akiwa na macho mabaya, mpelekeni hospitali, na jamaa zake wafundishwe kufungua dirisha la jiko. Msikiapo neno "mchawi" likitajwa, kisimani, sokoni, au katika baraza ya msiba, msilipitishe kwa mwingine. Simameni palepale mkalikatae, kisha mwende kuwaarifu wazee na wenye mamlaka kabla ya usiku kuingia.

Tena waangalieni mabibi waleao yatima. Ugonjwa wa UKIMWI, uliotambuliwa kwanza katika nchi yetu huko Kagera mwaka 1983, uliwachukua wazazi wengi wa pande zote za ziwa hili, nao mabibi walioanza kupumzika walirudi kubeba watoto mgongoni. Usharika wenye kulipa gharama za kwaya, nao hauna daftari ya yatima walelewao na mabibi wake, umepoteza hesabu. Ninyi vijana, chukueni kalamu mkaandike habari ambazo mabibi zenu wazijua: majina ya wazee, asili ya ukoo, mwaka wa njaa, siku Injili ilipofika. Penye wazee haliharibiki neno. Lakini wazee wakiisha kuondoka, neno lisiloandikwa huondoka nao.

Na ninyi mama zetu wenye mvi, twawaambia neno kwa heshima. Msinyamaze. Lakini mfanyeni ulimi wenu uwe ulimi wa mama Debora, uinuao aliyesitasita, wala usiwe wa kumchoma aliyekwisha kuanguka. Semeni na mtu mbele yake, si nyuma yake. Na mkono wenu uende pamoja na maneno yenu, ili mtoto aliyekemewa asubuhi apate uji wake asubuhi hiyo hiyo.

Sasa tuutazame msalaba, maana huko ndiko nguvu ya kuyatenda haya itokako. Yohana aandika kwamba Bwana wetu alipokuwa akitundikwa, mama yake alisimama karibu. Dhambi za ulimwengu wote zilikuwa juu yake. Pumzi yake ilikuwa inakwisha. Hata hivyo alimwona mama yake, akamkabidhi kwa mwanafunzi aliyempenda, na tangu saa ile mwanafunzi yule akamchukua nyumbani kwake. Mwokozi hakusema kwamba kazi ya kuuokoa ulimwengu ni kubwa mno asiweze kumwangalia mwanamke mmoja atakayezeeka. Aliitimiza amri ya nne juu ya mti, kwa ajili yetu sisi tulioivunja.

Basi mtu aliyemdharau mama yake, naye moyo wake wamchoma, na asikate tamaa. Kwa damu ya Kristo dhambi hiyo nayo yasamehewa. Kama mama yako yu hai, nenda leo, ukaketi miguuni pake. Kama amekwisha kulala, basi mwanafunzi yule alipewa mama asiyemzaa. Nawe utazame kando yako, maana katika mtaa wako yumo bibi asiye na mtu. Mchukue kuwa mama yako. Mama Sarah alimchukua mtoto asiyemzaa; sisi tuliosikia neno kutoka msalabani tutasemaje kwamba hatuwezi?

Tuombe: Ee Bwana Mungu, uliyetulisha kwa mikono ya mama zetu na kutuonya kwa vinywa vyao, twakushukuru kwa miaka mingi uliyowapa. Utulindie wazee wetu na upanga, na njaa, na ulimi wa uongo. Utupe masikio ya kusikia wangali wanasema. Wale tuliowazika twawaweka mikononi mwako, kwa kuwa wewe peke yako wajua mioyo. Utupe kuwapenda walio hai, kwa ajili ya Yesu Kristo, Mwanao, Bwana wetu. Amina.